Mkwe Aliyesema Hapana

Mimi ndiye yule mkwe aliyemkataa mama wa mumewe. Usijifanye hujawahi kunisikia. Habari yangu ilitembea mtaa mzima kabla sijafika nyumbani kuvua viatu. Mimi ni msusi, na saluni haifichi kitu: mteja akiinamisha kichwa nimsuke, nilikuwa nahisi shingo yake inawaka kwa swali analotaka kuuliza. Wengine waliuliza. Wengine walihamisha vichwa vyao kwa msusi mwingine, na mmoja wao nilimsuka tangu hajaota meno ya mbele. Sawa, walisema wakachoka. Leo zamu yangu.

Mama mkwe wangu watu wanamwita Mama Zipu, na jina hilo analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ana miaka sabini na tisa. Chumba chake cha mbele kina dirisha pana linalotazama barabara, na chini ya dirisha kuna meza fupi iliyochubuka pembe zote. Hapo ndipo alipokaa maisha yake, akishona mikoba iliyokatika mikanda, masanduku ya safari, mabegi ya shule, na zipu, zipu, zipu. Ukutani kumepigiliwa misumari kutoka usawa wa kiuno hadi karibu na dari, na kila msumari umebeba kazi ya mtu. Mteja akichungulia tu dirishani, mama ameshajua mkoba wake unaning'inia wapi.

Ana sharti lake moja. Hakukabidhi kazi mpaka uufunge mkoba na kuufungua kwa mkono wako, mbele yake. Ukimwambia, "Nakuamini mama, nipe tu niwahi," anaukumbatia mkoba kama mtoto mchanga. "Huko uendako mimi sitakuwepo," anasema. "Funga mwenyewe." Nimeona mabwana wakubwa wenye tai wamesimama juani pale dirishani wanavuta zipu juu na chini kama watoto wa chekechea, na mama anawatazama bila haya.

Kazi ile ilikuwa ya mumewe. Alipofariki aliacha watoto watatu, sindano, koleo, na ndugu waliokuja msibani wakaanza kupima vyumba kwa macho. Shemeji yake mmoja akamwambia, "Shemeji, wewe bado kijana. Rudi kwenu ukapumzike, nyumba tutakutunzia." Mama akamjibu, "Kwetu ni hapa. Wewe ndiye uliyepotea njia." Watu hawajamaliza kukunja mikeka, akafungua dirisha, akakaa kwenye kiti cha marehemu na kuanza kufumua begi la mtu. Hakuwa amefundishwa na yeyote, alikuwa ameangalia tu mumewe akifanya. Walimsema! Mjane gani asiyejua kulia? Yeye alikuwa analia, ila alikuwa analia huku anashona, na machozi ya namna hiyo watu hawayahesabu.

Kwa sindano ile akasomesha watoto wote. Wifi yangu mkubwa leo ni mwalimu mkuu, na ukikaa naye dakika chache utajikuta umenyoosha mkono kabla ya kuongea. Wifi yangu mdogo anauza mapazia, ana moyo laini, machozi yake yako karibu kama maji ya bomba. Mume wangu ndiye kitinda mimba. Ana duka la vifaa vya ujenzi: rangi, misumari, bawaba, vitasa. Ni mtu mpole. Mpole mno, lakini hilo tutalifikia.

Mwaka juzi mama akaanguka. Alipanda kigoda kuufuata mkoba uliokuwa msumari wa juu kabisa, kigoda kikaenda kwake na yeye akaenda kwake. Mkono wa kushoto ukavunjika. Unajua alifanya nini? Alijiokota, akaufunga mkono kwa kitambaa, akampa mteja mkoba wake, akasubiri aufunge na kuufungua, ndipo akanipigia simu. "Njoo unipeleke hospitali," akaniambia. "Usiwaambie wenzako kwanza. Watakuja na matarumbeta."

Wakaja na matarumbeta. Mkono umefungwa plasta, watoto wake wamemzunguka, kila mmoja ana maneno ya kumwambia na hakuna mwenye swali la kumwuliza. Mama hawezi tena kukaa peke yake. Mama atahamia kwa kijana wake. Nyumba itapangishwa. Chumba kwetu kipo, kile cha mwanangu aliyekwenda chuoni, na mume wangu akaanza kukipaka rangi jioni hiyohiyo, rangi ya krimu, ya bei. Mama akasema, "Mimi sitaki kuhama." Wakacheka. Sisemi kwa ubaya, walicheka kwa mapenzi, kama mtu anavyomcheka mtoto anayekataa kuoga. Wifi mkubwa akamrekebishia mto mgongoni na kuniambia mimi, mama akiwa hapohapo anasikia, "Uzee ni utoto wa pili, wifi. Usimsikilize."

Kila baada ya wiki mbili huwa nakwenda kumwosha mama nywele na kumsuka. Yeye anakaa sakafuni juu ya zulia, mimi kwenye kiti, kichwa chake magotini pangu. Kazi yangu imenifundisha jambo moja: mtu ukimshika kichwa, atakwambia ya moyoni. Jumamosi ile nilikuwa nagawanya nywele zake, nyeupe zote, laini kama pamba ya hospitali, akasema bila kugeuka:

"Jumapili wanakuja kukaa kikao. Wameshaamua, wanakuja tu kunitangazia."

"Najua, mama."

"Nataka wewe ukatae."

Kitana kikasimama. "Nikatae nini?"

"Kunipokea. Useme hunitaki kwako."

"Mama! Mimi?"

"Wewe. Sikiliza. Mimi nimesema hapana, wakacheka. Mwanangu akisema hapana ataitwa mtoto asiye na radhi, na pia hawezi, unamjua. Lakini wewe ni mkwe. Mkwe akisema hapana, hakuna atakayecheka, na hakuna atakayeshangaa. Wanalingoja hilo tangu siku ya harusi."

Nikataka kukasirika, nikashindwa, maana ilikuwa kweli. Nimeolewa katika familia ile miaka ishirini na mitatu, na mpaka leo wifi mkubwa akila kwangu anauliza nani kapika.

"Kwani kwetu utakosa nini, mama?" nikamwuliza. "Tutakutunza kama yai."

"Ndiyo hayo sasa," akasema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ninyi hamtanipa jembe. Hamtanipa hata sindano. Nikishika ufagio mtaninyang'anya, nikiingia jikoni mtaniambia kaa mama, pumzika mama, usijisumbue mama. Mtanipumzisha mpaka nife. Mimi nikiamka asubuhi kuna mtu dirishani ananiita ana shida yake na mimi ndiye wa kuitatua. Unaelewa? Ananiita mimi. Kule kwako nani ataniita?"

Nikamwuliza, "Na jina langu je?"

"Jina lako litachafuka," akasema. "Sikudanganyi. Na usimwambie mumeo, maana hawezi kuficha, ataropoka kwa dada zake kabla chai haijapoa. Ukiona huwezi, basi suka tu, tusahau."

Nikasuka. Nilipofika mkia wa mwisho nikasema, "Haya." Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini kweli tupu, sikujua baridi yake.

Jumapili tukakaa sebuleni kwake. Wifi mkubwa akawa mwenyekiti, nani angempinga? Mama alitaka kuinuka akawashe chai, wifi mdogo akamrudisha kitini kwa mabega. Kwake mwenyewe! Wakaongea. Mama hawezi hiki, mama hawezi kile. Mume wangu akaeleza kuhusu rangi. Kila kitu kilikuwa kimepangwa, siku ya gari la kubeba mizigo, mtu wa kupanga nyumba, hadi meza ya dirishani kwamba ipewe fundi viatu wa kona. Nilimwona mama akiiangalia meza yake. Mwishoni, kama mtu anayefunga barua kwa salamu, wifi mkubwa akanigeukia. "Na wifi yetu nadhani hana neno."

"Ninalo," nikasema. "Simtaki kwangu."

Wifi mkubwa akavua miwani. "Umesemaje?"

"Nimesema simtaki. Mimi nina saluni, nina nyumba yangu, sitaki kulea mtu mzima. Akija yeye, natoka mimi."

Wifi mdogo akaangua kilio. Mume wangu aliniangalia tu kama mtu aliyefungua mlango wa kwake akakuta chumba cha watu wengine. Wifi mkubwa kwake hapakuwa na nafasi, ni nyumba ya shule. Wifi mdogo anaishi ghorofa ya nne, ngazi mama hawezi. Kwa hiyo kikao kikaisha. Mama akabaki na nyumba yake, na mimi nikatoka na jina jipya.

Ee bwana, nilisemwa! Nilisemwa sokoni, nilisemwa kwenye foleni ya maji. Kwenye harusi ya binamu, shangazi yao mmoja alipita mstari mzima akisalimia kwa mkono, alipofika kwangu akakumbuka ana mkoba wa kushika. Hayo niliyamudu. Kilichoniuma kilikuwa nyumbani. Mume wangu hakunigombeza, angalau angenigombeza! Alikuwa anakula, anasema asante, anageukia ukuta. Kile chumba cha rangi ya krimu akakifunga na ufunguo akauweka juu ya kabati, na kila nikipita pale naona mlango unanisuta. Usiku nilikuwa naujua mgongo wake kuliko uso wake.

Na mama huko? Mama anapeta! Anashona kwa mkono mmoja, uzi anauvuta kwa meno yaliyobaki, mikoba ya wateja anaishikilia kwa magoti. Siku moja nilimwendea nikiwa nimejaa. "Mama, nimechoka. Mwanao haniongeleshi. Niache niseme."

Alikuwa anapaka nta kwenye zipu ya sanduku. Akaiacha, akanitazama sana. "Nilidhani wataongea wiki mbili waache," akasema. "Niliwapima kwa zamani zangu." Halafu akasema, "Nivumilie mpaka mkono ufunguliwe. Nikiwa na mkono mmoja hawatanisikia."

Plasta ikatolewa. Mwezi uliofuata mtoto wa wifi mkubwa akamaliza chuo, na wifi akaita ukoo mzima kwake: wajomba, shangazi, majirani, walimu wenzake. Viti vya kukodi uwanjani, turubai, spika. Mama akaletwa kwa gari, akawekwa kiti cha mbele chenye mto. Mimi nilikuwa nyuma, na sinia la glasi, maana mkwe hata akiwa mbaya kazi za mkwe hazimwachi.

Wifi mkubwa akashika kipaza sauti. Akashukuru Mungu, akashukuru walimu, akashukuru mama. Kisha sauti ikabadilika. "Huyu mama ametusomesha kwa sindano," akasema. "Halafu leo wapo watu humuhumu, wanakula chakula chetu, waliombwa wampe chumba kimoja tu. Kimoja! Wakasema hawamtaki. Sitataja mtu. Mwenye masikio amesikia."

Hakuhitaji kutaja. Vichwa viligeuka vyote kwa pamoja. Nilimtafuta mume wangu kwa macho, nikamkuta anaangalia viatu vyake.

Mama akainuka.

"Kaa mama, pumzika," wifi mdogo akamwambia.

"Nitapumzika kaburini, mwanangu. Nipishe."

Akatembea mwenyewe hadi mbele, polepole, na goti lake linalolia. Kipaza sauti alikikataa. Mama Zipu ameongea na wateja walio ng'ambo ya barabara maisha yake yote.

"Huyo hakunikataa," akasema. "Mimi ndiye niliyewakataa ninyi. Mimi ndiye niliyemwambia aseme vile, kichwa changu kikiwa magotini pake. Ametukanwa miezi yote hii na hajafungua mdomo, na mimi nimejificha nyuma ya gauni lake kama mtoto aliyevunja kikombe. Mkwe wangu, nisamehe. Leo natoka."

Wifi mkubwa akasema, "Mama, si mahali pake hapa..."

"Wewe umepachagua, mwalimu, mimi nimefuata." Watu wengine wakacheka, wakajibana. "Nawauliza wanangu swali moja. Mkwe aliposema hapana, mlisikia mara moja. Gari la mizigo mkalifuta siku ileile. Mimi nilisema hapana kabla yake, kwa kinywa changu, kwenye nyumba yangu. Mbona yangu haikusikika?"

Wifi mkubwa akashusha kipaza sauti.

"Basi narudia, mashahidi wapo. Sihami. Si kwa kijana wangu, si kwa nani. Aliyetaka kunitoa pale nikiwa mjane hakuweza, na alikuwa na ubaya. Ninyi mna mapenzi, ndiyo maana mnanitisha zaidi."

Wifi mdogo alikuwa analia wazi. "Na ukianguka tena, mama? Ukifa mle ndani peke yako?"

Mama akamsogelea, akampangusa uso kwa kiganja. "Kufa nitakufa, mwanangu, hata ningelala katikati yenu. Lakini kwanza nina mkoba wa mtu nimemwahidi Jumatatu."

Akaja mpaka niliposimama, akanipokonya lile sinia, akamwita wifi mkubwa aje alishike. Akanishika mkono, tukatoka. Uwanja mzima unatutazama, na mimi nalia kwa sauti kama mtoto, sikuona haya hata kidogo.

Mume wangu akatufuata na gari. Tulipomshusha mama tukabaki wawili. Akaweka mikono kwenye usukani. "Ulinificha muda wote huo," akasema.

"Na wewe uliamini," nikamwambia. "Miaka ishirini na mitatu unanijua, na uliamini."

Hakujitetea. Akasema, "Niliamini." Neno hilo liliniuma na bado linauma, sitakudanganya. Lakini usiku ule aligeuka kutoka ukutani.

Wiki iliyofuata akaenda kwa mama na sanduku la vifaa. Alipiga hodi akasimama nje, maana sasa hiyo ndiyo sheria: bila "karibu" huingii, hata kama umezaliwa mle. Akamwuliza mama anataka nini. Tangu aanguke, ilikuwa mara ya kwanza mtoto wake kumwuliza hilo. Mama akafikiri, akasema misumari ya juu yote ing'olewe ishuke chini, na bafuni awekewe chuma cha kushikia. Kazi ikaisha jioni. Mama akamrudisha bafuni akashike kile chuma mwenyewe, akining'inie kwa uzito wake wote, mbele yake, ndipo akamwambia aende.

Hajaanguka tena. Anaweza kuanguka kesho, najua, na yeye anajua kuliko mimi. Jumatatu hadi Jumamosi dirisha liko wazi.

Mwezi jana mwanangu alituletea msichana anayetaka kumwoa. Shangazi za mwanangu walikuwepo. Wifi mkubwa akaanza kumpangia yule binti atakavyoishi, kazi gani aiache, wakae wapi. Binti akasikiliza hadi mwisho, akaweka kijiko, akasema, "Hapana, shangazi. Hivyo sitaweza." Kwa upole, lakini hapana.

Wifi akanivutia jikoni, akaninong'oneza kwa hasira. "Umemsikia? Ana mdomo! Mwanamke wa namna hiyo, wifi, uzeeni atakukataa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikarudi sebuleni, nikavuta kiti, nikatandika zulia chini na kumwambia binti, "Njoo ukae hapa, mwanangu. Hebu nikushike kichwa."